Muulize Dokta wa Ngozi: Kumbe kuna daktari aliyeusomea upupu

Meseji za mwezi huu nyingi ni za kuwashwa, sijui ni huu upepo wa kiangazi au nini, kwa hiyo nimeamua ukurasa wote uwe wa muwasho tu. Wenye maswali ya chunusi na nywele kukatika mnisubirie mwezi ujao, msinitukane.

Shikamoo dokta. Nasoma udaktari mwaka wa nne hapa Dodoma. Niliropoka mbele za wenzangu kwamba nataka niwe daktari wa ngozi na nifanye utafiti wa muwasho na maumivu, wakacheka mpaka leo wananiita Daktari Kujikuna. Mjomba anayenilipia ada naye anasema ngozi haiui mtu, nikasomee moyo au upasuaji. Hivi kuna daktari yeyote duniani aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, au najidanganya?
*Daktari Kujikuna, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Hilo jina usilikatae, lishike, siku ukiitwa profesa watataka kujua lilianzia wapi.

Wapo, na wapo wengi tu. Ila badala ya kukutajia majina kumi ngoja nikusimulie habari za mmoja, manake zinapita kwenye kitu ambacho we na mi tunakijua kumshinda yeye, upupu. Aliyekulia kijijini hahitaji maelezo, yale maganda kama ya maharage yenye vinyweleo vya rangi ya dhahabu, yakikauka upepo ukipita tu shamba zima mnatoka mbio. Sisi darasa la tano kuna mtu (simtaji, sasa hivi ana wajukuu na heshima zake) aliumwaga kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu, basi mwalimu anachapa anajikuna, anajikuna anachapa, mpaka fimbo ikamtoka mkononi akaondoka bila kusema neno.

Upupu huo huo, ambao kwa jina la kisayansi ni Mucuna pruriens, ndio uliomjulisha kwa watu wa fani Dokta Ethan Lerner wa Massachusetts General Hospital kule Boston, hospitali ya kufundishia ya Harvard. Ni daktari wa ngozi na hapo hapo mtu wa maabara, ana digrii zote mbili, ya kutibu na ya utafiti. Kwao ngozi ni kazi ya ukoo kama uhunzi. Baba yake, Aaron Lerner wa chuo kikuu cha Yale, ndiye aliyeigundua melatonini mwaka 1958, hiyo homoni ambayo siku hizi watu wananunua vidonge vyake ili wapate usingizi, na kumbe mzee hakuwa anatafuta usingizi hata kidogo, alikuwa anatafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi, mawazo yake yako kwa wagonjwa wenye mabaka meupe, akawa anakusanya tezi kutoka kwenye vichwa vya ng'ombe wa machinjioni, maelfu kwa maelfu, mpaka akapata kitu kinachoifanya ngozi ya chura ipauke.

Mtoto naye hakuanza na muwasho, alianza na mate. Wale inzi wadogo wa mchanga, jamii ya wanaoeneza ugonjwa wa kala-azar, watu wa Baringo na Turkana mnaujua huo, wakikuuma wanahitaji damu ije haraka, kwa hiyo mate yao yana kitu cha kutanua mishipa. Mwaka 1991 Lerner na wenzake walikitenga hicho kitu kutoka kwa inzi wa Amerika ya Kusini, wakakiita maksadilani. Hebu fikiria, unampasua mdudu wa milimita mbili tatu ili umtoe tezi ya mate, na huna mmoja, unao kibao. Hiyo ndio kazi unayoililia mwanangu, usije ukadhani ni koti jeupe na picha za kwenye kalenda.

Kutoka kwa mate ya inzi kwenda kwenye upupu sio mbali kama inavyoonekana. Swali ni lile lile, kitu kidogo cha nje kimeigusa ngozi, je ndani ya ngozi ni nani anayeitika? Mwaka 1955 kule kule Marekani, Walter Shelley na Robert Arthur walikuwa wameshaonyesha kwamba upupu hauwashi kwa sababu tu ule unywele unachoma kama sindano, ndani yake kuna kimeng'enya, yaani protini yenye kazi ya kukata protini nyingine, wakakiita mukunaini. Ukivipasha vinyweleo moto wa kutosha kimeng'enya kinakufa na muwasho unakwisha. Habari nzuri kabisa, alafu ikalala zaidi ya miaka hamsini! Manake enzi hizo kila muwasho lawama ilikuwa inaenda kwa histamini, ile kemikali inayovimbisha ngozi mbu akikuuma, na hata leo nenda zahanati yoyote, unawashwa? piritoni, ya kuizuia hiyo histamini. Hujala? piritoni. Natania, ila mnanielewa.

Wakati upupu haumsikilizi histamini kabisa. Muwasho wake unakuja bila ule uvimbe, unasafiri kwenye nyuzi nyingine za neva, na dawa ya kuzuia histamini haiuzimi. Maabara ya Lerner ilitoa jibu mwaka 2008, kwamba kwenye ngozi na neva kuna vipokezi, yaani protini za seli za kupokea ishara, vinaitwa PAR2 na PAR4, ambavyo kila kimoja kina kamkia kanakoning'inia nje ya seli, mukunaini inakuja inakakata kale kamkia, na ile ncha inayobaki inageuka inakiwasha kipokezi chenyewe. Yaani kipokezi kimebeba ufunguo wake mwenyewe, kinasubiri tu mtu wa kuukata kamba.

Sasa hapo ungesema sawa, wamejua upupu, hongera zao, inanisaidia nini mgonjwa wangu ambaye hajapita shambani? Ndipo penyewe. Mwaka 2010 maabara hiyo hiyo ikaonyesha kwamba mwili wetu unatengeneza kimeng'enya cha ukoo huo huo wa mukunaini, kathepsini S, nacho kinawasha kwa kupitia vipokezi hivyo hivyo. Kwa hiyo tunatembea na upupu wetu ndani! Na mwaka 2017 wakaja na kimeng'enya kingine cha ukoo huo, safari hii kinatoka kwa wale vijidudu vya kwenye vumbi la magodoro visivyoonekana kwa macho, kinaamsha kipokezi kinachoitwa MRGPRX1. Hilo jina lishike, chini huko nitalirudia nikimjibu mzee wa Tanga.

Umesema unataka muwasho na maumivu, na huko nako kuna ugomvi wa siku nyingi. Daktari mmoja Mjerumani, Samuel Hafenreffer, mwaka 1660 alisema muwasho ni hisia isiyopendeza inayokufanya utake kujikuna, na mpaka kesho tunaitumia hiyo. Baadae wataalamu wakashikilia kwamba muwasho ni maumivu madogo tu, na walikuwa na sababu, kwa sababu mgonjwa aliyekatwa njia fulani za uti wa mgongo ili asisikie maumivu alikuwa hasikii na muwasho pia. Mi nilifundishwa hivo na niliandika hivo kwenye mtihani nikapata vema. Ila hebu jiulize kienyeji tu, ukiguswa na kaa la moto mkono unaukimbiza, ukiwashwa mkono unaupeleka, inakuwaje hivyo viwe kitu kimoja? Mwaka 1997 timu ya Martin Schmelz kule Ujerumani ikazikuta kwa binadamu nyuzi za neva zinazoitikia histamini kwa namna inayofanana kabisa na mtu anavyosikia muwasho. Alafu 2007 na 2009, Zhou-Feng Chen na wenzake wa St. Louis, Marekani, wakaonyesha kuna seli kwenye uti wa mgongo ambazo ukizitoa kwa panya, panya anaacha kujikuna lakini maumivu anayasikia kama kawaida. Hapo ule mtihani wangu ndio ungepata kosa.

Sasa tuje kwa mjomba. Mwambie dokta amekiri kosa. Nikiwa kijana, kwenye hospitali ambayo siitaji, alikuja mama mmoja mpika chakula sokoni, anawashwa mwili mzima, ngozi haina hata kipele zaidi ya mikwaruzo yake mwenyewe. Nikampa piritoni. Akarudi, nikampa piritoni na mafuta. Akarudi mara ya tatu nikamwambia mama punguza mawazo, ndio, mi nilisema hivo. Mwenzangu alipokuja kumpima damu figo zilikuwa zimeshachoka sana. Muwasho unaozidi wiki sita tunauita sugu, na ukiwa hauna upele wa kueleweka unapima figo, ini, tezi ya shingo, sukari, VVU, na unamshika shika kwapa na shingo kutafuta matezi ya lymphoma, yaani saratani ya matezi. Wagonjwa wa kusafishwa damu wengine wanawashwa usiku kucha hawalali, na dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani mahsusi kwa muwasho wao imepatikana mwaka 2021 tu. Kwa hiyo ngozi haiui, sawa mjomba, ila inaweza ikawa ndio ya kwanza kusema nani anakufa.

Njia yenyewe ni ndefu, sitakudanganya. Maliza digrii, maliza intani, fanya kazi kidogo wilayani uone ngozi za watu wenye shida (huko ndiko maswali yanapatikana, sio kwenye vitabu), alafu masta. Pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, wanakuja madaktari na matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kusoma kwetu, na we uko nchi hiyo hiyo unaogopa kuchekwa. Baada ya masta ndio utafute PhD, na hapo chagua msimamizi anayejua neva hata kama hajui ngozi. Hela hakuna kwa muda mrefu. Mjomba ajue na hilo mapema.

Mimi nina miaka 71. Zamani tukiumwa malaria tunapewa klorokwini, homa inashuka lakini unawashwa mpaka unatamani kujichuna. Ukiangalia ngozi huoni kitu. Wahindi tuliofanya nao kazi bandarini walikuwa wanakunywa wanalala usingizi. Nesi alikuwa akituambia ni uchafu wa damu unatoka. Ilikuwa nini ile?
*Mzee wa Ngamiani, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Umenikumbusha mbali, mi nilikuwa navitupa vile vidonge nyuma ya kabati, mama akaja kuvikuta siku ya kuhama nyumba.

Haukuwa uchafu wa damu. Klorokwini inawasha Waafrika weusi kuliko watu wengine, inaanza masaa kadhaa baada ya kumeza, hakuna vipele, na piritoni inasaidia kidogo tu au haisaidii kabisa. Nigeria na hapa kwetu watu walishaanza kuiandika, mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa Dar es Salaam kabisa kuhusu jinsi muwasho huo ulivyokuwa unawafanya watu wasiitumie dawa. Na mgonjwa asiyemaliza dozi ni tatizo lake na la kijiji kizima. Tanzania tuliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, sababu kubwa ikiwa ni vimelea kuizoea.

Mwaka 2009 ndio maabara ya Xinzhong Dong pale chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, ikakipata kipokezi ambacho klorokwini inakigusa kwenye neva za kuwasha, histamini haipo hapo kabisa. Kwa binadamu kinaitwa MRGPRX1. Ndio mzee, ni kile kile nilichomwambia mwanafunzi wa Dodoma akishike, kinachoamshwa pia na vijidudu vya godoro. Kwa hiyo nyie mliokuwa mnajikuna bandarini mwaka 70 na kitu mlikuwa mnasema ukweli, muwasho ambao hauna habari na histamini upo, ila aliyesikiliza vizuri alikuwa na panya na hela ya maabara, na nyie mlikuwa na nesi. Hapo roho inaniuma kidogo, sifichi. Ugonjwa wetu, upupu wetu, miili yetu, alafu mlango unafunguliwa Boston na Baltimore.

Dokta habari. Nilijifungua kwa upasuaji mwezi uliopita, nikadungwa sindano ya mgongo. Maumivu sikuyasikia lakini usiku wote nilijikuna pua na uso na kifua hadi mamangu akasema nimerogwa. Sasa sindano ya kuondoa uchungu yaniwashaje?
*Mama Twins, Likoni, Mombasa*

Hongera sana mama, wawili kwa mpigo! Na mwambie bibi hukurogwa. Ile sindano mara nyingi inachanganywa na mofini, ile dawa kali ya maumivu, au ndugu yake, inazima maumivu kwenye uti wa mgongo, na muwasho ni kitu kinachojulikana sana kuja nayo, hasa usoni na puani kama ulivyosema.

Maumivu na muwasho ni kama watoto wa mama mmoja wanaogombania kifuniko cha sufuria, maumivu yakiwepo yanaukandamiza muwasho, ndio maana ukijikuna unapata raha, unajitia maumivu madogo na yale yanaufunika muwasho pale kwenye uti wa mgongo. Sasa mofini ikija inayaondoa maumivu na inauachia muwasho. Siku hizi inajulikana kwamba sio kuachia tu, mofini ina njia yake ya kuusukuma muwasho pia. Inaisha yenyewe ndani ya siku moja hivi. Siku nyingine ikitokea mwambie aliyekudunga, ana dawa ya kupunguza, na sio piritoni.

Ila kwa mama mwingine yeyote anayesoma hapa akiwa bado na mimba, ukiwashwa viganja na nyayo miezi ya mwisho, usiku zaidi, bila vipele, usinisubiri mi nikujibu kwenye gazeti. Nenda kliniki leo wakupime ini.

Upupu ukikugusa unaoga maji au unajipaka majivu? Tunabishana hapa kijiweni, kuna soda imewekwa.
*Vijana wa Ifakara*

Cha kwanza usijikune, manake kila ukikuna unavizamisha vile vinyweleo na kuvihamishia sehemu nyingine. Vitoe kwanza vikiwa vikavu, gandisha ngozi na selotepu alafu ubandue, rudia rudia. Wazee walikuwa wanasugua majivu au nywele za kichwani na hawakuwa wajinga, lengo ni hilo hilo la kuvikusanya vinyweleo, japo majivu ya moto nimeshaona yakimuunguza mtoto. Vikishatoka ndio uoshe kwa maji mengi ya baridi na sabuni, na zile nguo uzivue kwa uangalifu uziloweke mbali na za wengine. Ukiingia kwenye macho, maji mengi na hospitali. Soda gaweni nusu nusu.

Mume wangu anajikuna usiku, mchana nafuu. Ameenda duka la dawa mara nne wamempa mafuta tofauti tofauti. Sasa na mtoto mdogo ameanza kujikuna katikati ya vidole. Ni aleji ya damu?
*Mke mwenye usingizi, Kigamboni*

Dada, usiku, watu wawili nyumba moja, katikati ya vidole. Kabla sijafikiria aleji yoyote nafikiria upele, ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi, na hauna aibu, unampata msafi na mchafu. Anayetibiwa peke yake anajisumbua tu, nyumba nzima mnatibiwa siku moja hata asiyewashwa, dada wa kazi pia, mnapaka kuanzia shingoni mpaka nyayoni na mnarudia baada ya wiki kama mtakavyoelekezwa kwa dawa mtakayopewa, mtoto ana dawa yake na kipimo chake usimpake ya baba. Shuka, taulo na nguo za siku tatu nne za nyuma mzifue kwa maji ya moto na kuanika juani, zisizofulika mfunge kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. Alafu mkishatibiwa muwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu hata kama vijidudu vimekufa, kwa sababu mabaki yao bado yako ndani ya ngozi na mwili unayagombeza, kwa hiyo mume asikimbilie mafuta ya tano. Ukivuka wiki nne na bado anajikuna, au vikitokea vipele vipya, njooni, na mje wote.